Masanduku ya zana ya chuma: Faida huanza siku ya kununua, si kwenye kopo la rangi

SANDUKU la chuma la kuwekea zana, lililochakaa na kushika kutu, huwa na bei tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni bei ya mizani, ambayo mnunuzi wa chuma chakavu hulipa kwa kilo bila kujali kama anachopima ni sanduku au mlango wa gari. Ya pili ni bei ya kazi, ambayo fundi makanika au mkereza vyuma yuko tayari kulipa ili zana zake zipate mahali pa kukaa. Ya tatu ni bei ya ukale, inayolipwa na mkusanyaji wa vitu vya zamani kwa sababu ya umri wa sanduku, jina lililo juu yake na rangi yake ya kiwandani.

Anayenunua kwa bei ya kwanza na kuuza kwa bei ya pili au ya tatu ana biashara. Anayenunua kwa bei ya pili, akiamini kwamba kopo la rangi litamfikisha kwenye ya tatu, kwa kawaida hula mtaji wake mwenyewe. Kinachowatenganisha wawili hawa si ufundi wa mikono pekee, bali ni kumjua mnunuzi kabla msasa haujagusa bati.

Kazi ya kukarabati masanduku haya hufanyika nyumbani, uani au kibarazani, na haihitaji mashine kubwa wala chumba cha kupanga. Ndiyo maana huwavutia wastaafu, mafundi wenye saa chache za jioni na watu wenye mtaji mdogo. Hata hivyo, kwa sababu ni kazi ya nyumbani, hesabu zake mara nyingi hazifanywi, na hatari zake, hasa kwa watoto, husahauliwa.

Masanduku yanayotafutwa

Soko kubwa la masanduku ya kale liko Marekani, ambako mengi yalitengenezwa. Jina linalotajwa sana ni Kennedy, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 katika mji wa Van Wert, jimbo la Ohio. Masanduku yake ya wakereza vyuma hutambulika kwa rangi ya kahawia yenye mikunjo midogo midogo, droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa cha felti ili mikrometa na vipimo vingine visigongane, na kifuniko cha mbele kinachofungia droo zote kwa pamoja.

Jina jingine ni Snap-on, iliyoanza mwaka 1920 kwa kuuza soketi na mipini ya kubadilishana, na baadaye ikajulikana pia kwa makabati makubwa ya gereji. Craftsman, ambayo ilisajiliwa kama alama ya biashara ya Sears mwaka 1927, iliuzwa kwa Stanley Black & Decker mwaka 2017. Kwa miaka mingi masanduku mengi yenye jina hilo hayakutengenezwa na Sears yenyewe bali na viwanda vingine, kikiwemo Waterloo Industries kilichoanzia Iowa mwaka 1922.

Kwa mfanyabiashara, habari hiyo si ya historia tu. Maana yake ni kwamba jina lililobandikwa mbele halimtaji mtengenezaji kila mara, na kitasa au reli ya droo iliyokosekana inaweza kupatikana kwenye sanduku lenye jina tofauti kabisa.

Masanduku hayo hutoka kwa wingi pale mafundi wa viwandani wanapostaafu au kufariki, na familia zao kuuza vyombo vyao kwa mnada au uani. Muuzaji wa namna hiyo mara nyingi hataki kukaa na mzigo mzito asioutumia, na hapo ndipo bei ya mizani na bei ya kazi huachana kwa mbali.

Afrika Mashariki hali ni tofauti. Masanduku ya aina hii ni machache, na baadhi huingia pamoja na mizigo ya mitumba ya zana na mashine. Kuna pia njia ya misaada. Shirika la Uingereza la Tools for Self Reliance, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, lilitumia watu wa kujitolea kukusanya na kukarabati zana za mkono zilizotumika, kisha kuzipeleka kwa mafundi wa nchi za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Zana hizo zilipelekwa kufanya kazi, si kupamba kabati, na mpaka leo bei ya kazi ndiyo inayotawala soko la huku.

Bei hiyo ina dari lake. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hutengeneza masanduku mapya ya bati kila siku, na mafundi bati wa miji mingine hufanya vivyo hivyo. Fundi hatalipa zaidi kwa sanduku kuukuu kuliko jipya la Kamukunji, isipokuwa lile kuukuu liwe na bati nene zaidi, droo zinazoteleza vizuri na kitasa cha uhakika. Mwenye kukarabati hana budi kuijua bei ya sanduku jipya katika mji wake kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Kutu ni ya aina mbili. Ipo ya juu, ambayo ni vumbi jekundu linalotoka kwa brashi, na ipo iliyokula bati mpaka likawa jembamba kama karatasi. Sehemu ya kuangalia kwanza ni sakafu ya sanduku na kona za chini, ambako maji hutuama. Bati likibonyea kwa kidole gumba au likitobolewa na ncha ya bisibisi bila nguvu, gharama ya kuunga kiraka itakula faida yote.

Pili ni umbo. Sanduku lililoangushwa huwa limepinda mshazari, na hakuna droo itakayoteleza ndani ya fremu iliyopinda. Njia rahisi ni kupima kwa uzi kutoka kona hadi kona, kisha kupima kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Baada ya hapo kila droo ichomolewe na kurudishwa, moja baada ya nyingine.

Tatu ni vitu vidogo visivyopatikana dukani: nembo ya mbele, vishikio vya droo, pembe za chuma na mkono wa kubebea. Sanduku lenye kutu nyingi lakini lililotimia linafaa kuliko linalong'aa huku likiwa limepungukiwa droo moja. Ufunguo ukikosekana si msiba mkubwa, kwani vitasa vingi vya masanduku haya vina namba iliyogongwa usoni, na fundi funguo anayezijua namba hizo anaweza kuchonga ufunguo mwingine.

Rangi ya zamani na watoto wa nyumbani

Hili ndilo jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa. Rangi nyingi za miaka iliyopita zilichanganywa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku risasi katika rangi za nyumbani mwaka 1978, lakini marufuku hiyo haikuziondoa mara moja rangi za viwandani. Kwa hiyo sanduku kuwa la baada ya mwaka huo si hakikisho la usalama.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto mdogo, vumbi lake hudhuru ubongo, hupunguza uwezo wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto hahitaji kulamba sanduku. Inatosha atambae kwenye sakafu iliyoangukiwa na vumbi la msasa, kisha atie vidole mdomoni.

Hivyo basi, rangi yoyote ya zamani ihesabiwe kuwa na risasi mpaka ipimwe na kuthibitishwa vinginevyo. Msasa utumike ukiwa na maji ili vumbi lisiruke, kazi ifanyike nje mbali na jiko na mahali pa watoto, na turubai litandikwe chini. Barakoa iwe ile ya kuchuja vumbi laini, si kitambaa cha kawaida. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na taka zikusanywe badala ya kufagiliwa bustanini. Kuchoma rangi kwa moto ili ibanduke ni hatari zaidi, kwani moshi wake hubeba sumu hiyo hadi mapafuni.

Asiye na nafasi ya kufuata hayo asiguse msasa. Kama inavyoelezwa hapa chini, mara nyingi uamuzi huo humletea faida zaidi.

Kuosha kwanza, kutu baadaye

Hatua ya kwanza ni maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini. Grisi iliyoganda hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mbali na moto wowote. Masanduku mengi yanayoonekana kuchakaa huwa yamefunikwa na uchafu wa gereji wa miaka thelathini, na rangi iliyo chini yake ni nzima.

Kwa kutu ya sehemu ndogo zinazochomoka, kama vishikio na bawaba, siki ya kawaida ya jikoni inatosha. Hulowekwa usiku mmoja, kisha husuguliwa, husuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, hukaushwa papo hapo na kupakwa mafuta mepesi. Chuma kilichotoka kwenye siki na kuachwa na unyevu hushika kutu mpya kabla ya jua kuzama. Aidha, siki huondoa zinki, kwa hiyo sehemu zilizopakwa madini hayo zisilowekwe.

Kwa sehemu kubwa iliyoliwa na kutu pande zote, wapo wanaotumia umeme wa betri. Chombo cha plastiki hujazwa maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita nne hivi. Magadi haya ni ya jamii ileile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Charja ya betri ya volti 12 huunganishwa upande hasi kwenye kitu chenye kutu, na upande chanya kwenye kipande cha chuma kikuukuu kisicho na kazi. Waya hupangwa kwanza, na charja huwashwa mwisho.

Makosa hapa ni ya aina tatu na yote ni ghali. Anayegeuza waya atakuta sanduku lake ndilo linaloliwa na kile chuma kikuukuu kinasafishwa. Anayetumia chuma cha pua upande wa chanya huzalisha kemikali ya kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Anayefanya kazi hii ndani ya chumba hukusanya gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Sehemu za aluminiamu zisiingizwe humo. Ieleweke pia kwamba njia hii hulegeza rangi, hivyo haifai kwa sanduku ambalo rangi yake ndiyo mali.

Kupaka au kuacha

Hapa ndipo mnunuzi anapoamua kila kitu. Mkusanyaji wa vitu vya kale hulipia rangi ya kiwandani, hata ikiwa na mikwaruzo. Sanduku la Kennedy lenye mikunjo yake ya kahawia, likapakwa rangi mpya inayong'aa, kwake limekwisha kuharibiwa. Rangi ya mikunjo hupatikana kwa kufanya tabaka la juu likauke na kujikunja kabla ya la chini, na aghalabu kwa msaada wa joto. Si rahisi kuiga mikunjo hiyo uani na kupata ileile. Kwa sanduku la namna hiyo, kazi inayotakiwa ni kuosha, kusugua kutu iliyojitokeza kwa sufi laini ya chuma iliyotiwa mafuta, kisha kupaka nta.

Fundi wa gereji hana shida na hayo. Anataka sanduku lisilopukutisha kutu kwenye spana zake, na rangi mpya iliyopakwa vizuri kwake ni faida. Kwa mnunuzi huyo, bati hutayarishwa mpaka liwe safi na kavu, hufutwa mafuta yote, hupakwa praima ya chuma, kisha tabaka mbili au tatu nyembamba za rangi.

Kosa kubwa la mwambao ni haraka. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ina unyevu na chumvi, na bati lililosafishwa asubuhi huwa limeanza kubadilika rangi ifikapo jioni. Praima ipakwe siku ileile. Tabaka nene lililopakwa ili kazi iishe upesi hukauka juu tu, na baada ya wiki chache hutoa malengelenge. Kazi yote hurudiwa.

Anayetaka kuunga kwa kulehemu bati lililopakwa zinki aondoe zinki hiyo kwanza mahali pa kuunga na afanyie kazi penye upepo, kwani moshi wake huleta homa na kifua kubana.

Droo, kitasa na kitambaa

Mnunuzi yeyote, awe fundi au mkusanyaji, hufanya jambo moja anapofika mbele ya sanduku: huvuta droo. Ikikwama, bei hushuka palepale. Reli zilizopinda hunyooshwa kwa kipande cha mbao na nyundo ya mpira, taratibu. Kisha hupakwa nta ya mshumaa badala ya grisi, kwa sababu grisi hunasa vumbi na baada ya muda droo huwa nzito kuliko zamani.

Kitambaa cha ndani kilichooza hutolewa chote pamoja na gundi yake. Felti mpya hupendeza, lakini hunyonya unyevu na kuugandamiza kwenye bati. Kwa fundi wa mwambao, mkeka mwembamba wa mpira unaoweza kutolewa na kupigwa jua unafaa zaidi. Kwa mkusanyaji, felti ya rangi iliyokuwamo ndiyo inayotakiwa.

Daftari lisemavyo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua hesabu hii ya mfano. Sanduku limenunuliwa kwa Sh. 40,000, usafiri ni Sh. 5,000, siki, magadi, msasa na brashi ni Sh. 9,000, praima na rangi Sh. 18,000, kitambaa na gundi Sh. 8,000. Jumla ni Sh. 80,000. Likiuzwa kwa Sh. 120,000, faida ni Sh. 40,000. Kama kazi ilichukua saa 16, kila saa imelipa Sh. 2,500.

Sasa rangi itoe malengelenge. Rangi na msasa vya kurudia ni Sh. 15,000, na saa zaidi ni tisa. Faida inabaki Sh. 25,000 kwa saa 25, yaani Sh. 1,000 kwa saa. Haraka ya jioni moja imeondoa zaidi ya nusu ya ujira.

Tazama njia ya tatu. Sanduku lilelile halikupakwa rangi kabisa. Gharama ni Sh. 62,000 na saa ni 10. Likiuzwa kwa Sh. 110,000 tu, yaani pungufu kuliko lile lililopakwa, faida ni Sh. 48,000, sawa na Sh. 4,800 kwa saa. Bei ya kuuzia imeshuka na faida imepanda. Wengi hawalioni hili kwa sababu huandika bei ya kuuzia peke yake, na saa zao huzihesabu kuwa ni bure.

Liko pia suala la mtaji unaolala. Mwenye Sh. 80,000 akiuza sanduku moja kila mwezi kwa faida ya Sh. 40,000, kwa mwaka atapata Sh. 480,000. Akingoja miezi minne kwa kila sanduku, atapata Sh. 120,000 kwa mtaji uleule. Ndiyo sababu masanduku matano yaliyojaa stoo yakisubiri kupakwa rangi si akiba. Ni fedha inayoshika kutu.

Kuuza bila kuficha

Kizuri chajiuza, lakini mnunuzi wa kitu kuukuu huwa na wasiwasi, na dawa ya wasiwasi huo ni picha. Picha za sanduku kabla ya kazi, wakati wa kazi na baada yake humwonyesha kwamba chini ya rangi hakuna tundu lililozibwa kwa gundi. Sanduku lililopakwa upya lisemwe kuwa limepakwa upya. Lililobadilishwa kitasa lisemwe hivyo. Kubandika nembo ya jina kubwa kwenye sanduku lisilo lake ni udanganyifu, na soko la wakusanyaji ni dogo: wanajuana, na habari husafiri haraka kuliko mzigo.

Kwa anayeanza, njia yenye hasara ndogo ni sanduku moja, lenye bati zima na droo zote, lililonunuliwa karibu na bei ya chuma chakavu, huku mnunuzi akiwa amekwisha kujulikana. Hilo likiuzwa, daftari litaonyesha kama la pili linunuliwe. Likikataa kuuzika kwa bei ya kazi, bado litarudi kwenye mizani bila kumfilisi mtu. Aliyelinunua kwa bei ya ukale hana mahali pa kurudi.